Kianzio cha Bajeti si Shauri la Wahasibu Peke Yao

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma, Nyasubi, Kahama)



Kila ifikapo mwezi wa Juni redio hufunguliwa maofisini na madukani, na watu humsikiliza Waziri wa Fedha akiisoma Bajeti ya Serikali Bungeni Dodoma. Jioni yake mazungumzo ya mjini huwa yale yale: soda imepanda, petroli imeshuka au haikushuka, mshahara umeongezwa au umeachwa ulivyokuwa. Magazeti nayo huandika trilioni za mwaka huu na kuzilinganisha na za mwaka uliopita. Hayo yote hayana ubaya. Walakini, mtu anayengoja Juni ndipo aanze kuifikiria bajeti ni sawa na mtu anayefika mnadani jioni, wakati ng'ombe wamekwisha kuswagwa na wanunuzi wamo njiani kurudi makwao.

Sehemu kubwa ya bajeti huwa imekwisha kuamuliwa miezi mingi kabla ya siku hiyo, na aghalabu huamuliwa na tarakimu ambayo haisomwi Bungeni wala haiandikwi magazetini. Tarakimu hiyo ni ile ambayo mtayarishaji huiweka katika safu ya kwanza ya karatasi yake, kabla hajaongeza wala kupunguza chochote. Wataalamu wana majina mengi ya kuiita. Katika mazungumzo haya itaitwa kianzio.

Hakuna serikali duniani inayotunga bajeti yake kama kwamba nchi imezaliwa jana. Mishahara ya watumishi waliopo haina budi ilipwe, madeni yanadai, shule na zahanati zilizokwisha kufunguliwa haziwezi kufungwa ili zitafakariwe upya. Mwaka 1964 mtaalamu wa Kimarekani, Aaron Wildavsky, aliandika kitabu juu ya siasa za bajeti, na humo alionyesha kwamba watayarishaji hawaipimi kila shughuli tangu mwanzo. Hubishana juu ya nyongeza ndogo, na sehemu kubwa iliyobaki hupita bila kuulizwa. Kwa maneno mengine, ugomvi wote huwa juu ya kipande cha juu, na ule mzigo mkubwa ulio chini yake hauguswi na mtu.

Kwa juu juu jambo hili huonekana kuwa hesabu tupu. Tuseme halmashauri fulani iliwekewa shilingi milioni 100 kwa shughuli fulani mwaka jana. Basi iandikwe 100, iongezwe kidogo, karatasi ipelekwe mbele. Lakini hiyo 100 ni ya namna gani? Yaweza kuwa kiasi kilichoidhinishwa. Kiasi kilichofika hasa kutoka Hazina labda kilikuwa milioni 62. Na kiasi ambacho kingehitajika ili huduma ile ile iendelee bila kupungua, kwa watu walioongezeka na kwa bei za mwaka ujao, labda ni milioni 118. Tarakimu zote tatu ni za kweli, na kila moja ikifanywa kianzio huzaa bajeti ya namna yake.

Anayeshika kiasi kilichoidhinishwa huendelea kukuza tarakimu ya karatasi ambayo haijapata kuwa fedha. Anayeshika kiasi kilichofika huiadhibu mara mbili halmashauri iliyopungukiwa: mwaka jana ilikosa, na mwaka ujao itaambiwa kwamba kukosa kwake ndicho kipimo cha mahitaji yake. Anayeshika gharama ya huduma ile ile hutenda haki zaidi, lakini lazima awe na takwimu za kuaminika, tena ampate mtu wa kuzisikiliza. Tangu mwaka 1996, Tanzania ilipoanza kutekeleza utaratibu wa kutumia fedha taslimu kadiri zilivyokusanywa, watumishi wameijua vyema tofauti baina ya kasma iliyoidhinishwa na fedha iliyoingia benki.

Tofauti hiyo imezaa tabia ambayo kila mtumishi ameiona, ingawa si wengi waipendao kuitaja hadharani. Ifikapo Mei, ofisi iliyokuwa imelala huamka. Karatasi hununuliwa kwa mafungu, semina huitishwa, magari hupelekwa matengenezo ambayo yangeweza kungoja. Sababu yake si uovu wa watu. Mkuu wa idara anajua kwamba kasma isiyotumika kufikia tarehe 30 Juni itasomwa mwakani kama kasma isiyohitajika, na kianzio chake kitashushwa. Hivyo anailinda tarakimu ya mwaka ujao kwa kuzimaliza fedha za mwaka huu. Wakaguzi hulaumu matumizi ya haraka haraka, nao wana haki ya kulaumu. Lakini mradi kianzio kinasomwa kutoka katika kilichotumika, hakuna waraka utakaoweza kuikomesha tabia hiyo.

Yafaa ikumbukwe jinsi safari yenyewe inavyokwenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Chini ya Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015, Hazina hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, na pamoja nao hufuata ukomo, yaani kiwango ambacho kila fungu halitakiwi kukivuka. Halmashauri hupokea mapendekezo ya mitaa na vijiji, huyapitisha katika Kamati za Maendeleo za Kata, kisha katika vikao vyake hadi Baraza la Madiwani, na hatimaye mkoani na Hazina. Bunge la Bajeti huanza mwezi wa Aprili. Kwa hiyo mwalimu anayetaka tarakimu ya shule yake iwe sahihi kwa mwaka wa fedha ujao hana budi kuisimamia mwishoni mwa mwaka wa kalenda ulio kabla yake. Tena tarakimu yenyewe itakuwa imetokana na hesabu ya watoto waliokuwapo darasani mapema zaidi. Idadi iliyohesabiwa mapema mwaka 2024 ndiyo iliyokuwa mkononi mwa mtayarishaji mwishoni mwa mwaka huo, nayo bajeti aliyoitayarisha ilipaswa kuwahudumia watoto hadi Juni 2026. Katika kijiji ambacho watu hawahamihami, pengo hilo si kubwa. Katika Kahama ni kubwa sana.

Kahama ni mji unaokua upesi kuliko karatasi zake. Reli na barabara, mpunga, biashara ya kuelekea Rwanda na Burundi, na juu ya yote dhahabu, vimewavuta watu kutoka pande zote za Ziwa na hata mbali zaidi. Katika sensa ya mwaka 2012 eneo la Halmashauri ya Mji wa Kahama lilikuwa na watu 242,208. Katika sensa ya mwaka 2022, mji huo ukiwa umekwisha kupandishwa hadhi mwaka 2021 kuwa Manispaa, walihesabiwa watu 453,654. Sasa mtu na achukue kalamu afanye hesabu hii. Kasi ya ongezeko la watu nchini baina ya sensa ya 2002 na ile ya 2012 ilikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kama ofisa angechukua idadi ya Kahama ya 2012 na kuikuza kwa kasi hiyo ya kitaifa kwa miaka 10, angepata watu wapatao 316,000. Angekuwa amefuata kanuni, amepiga hesabu bila kosa, na amewaacha nje watu zaidi ya 137,000. Hao ni watu wanaokunywa maji, wanaokwenda zahanati, wanaozaa, na ambao watoto wao hufika shuleni Januari wakiwa na madaftari mikononi.

Hapa ndipo jambo la kianzio linapoingia katika darasa. Pakichukuliwa shule ya mfano, isiyo na jina, yenye wanafunzi 1,000 katika vitabu vya bajeti na wanafunzi 1,200 katika madawati, hakuna mtu aliyekata fedha yake hata senti moja. Hata hivyo kila mtoto amepunguziwa fungu lake kwa sehemu moja ya sita. Mwalimu Mkuu hataona waraka wowote wa kupunguza. Ataona tu kwamba chaki zimekwisha mapema.

Suala la ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi linastahili kutazamwa kwa urefu, kwa sababu linaonyesha kwamba kianzio chaweza kuliwa hata pale idadi ya watoto inapokuwa sahihi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulifuata uamuzi wa kufuta ada katika shule za msingi. Watoto waliitikia. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walikaribia milioni 8 kufikia mwaka 2006. Ili shule zisikwame baada ya ada kuondolewa, iliwekwa ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kwa fedha za nchi ikaandikwa shilingi 10,000. Wakati huo viwango hivyo viwili vilikuwa karibu sawa, kwa maana dola ilikuwa ikibadilishwa kwa shilingi zinazokaribia 1,000.

Tarakimu iliyobaki katika vitabu ni ile ya shilingi. Mwaka baada ya mwaka ilichukuliwa kama ilivyo, ikapelekwa safu ya kwanza ya karatasi mpya, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuishuku, maana ilikuwa haijabadilika. Ulipoanza utaratibu wa elimumsingi bila malipo mwaka 2016, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, ambapo 6,000 zilikwenda shuleni na 4,000 zikatengwa kwa ajili ya vitabu. Lakini mwaka huo dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,100. Zile dola 10 za mwanzo zilikuwa zimekuwa pungufu ya dola 5, na kiasi kilichofika shuleni kwenyewe kilikuwa pungufu ya dola 3. Hakuna Waziri aliyepata kusimama kutangaza kwamba ruzuku imepunguzwa kwa nusu. Wala isingekuwa haki kumsingizia mtu yeyote kwamba alikusudia hivyo. Kazi hiyo ilifanywa na kianzio kilichosimama mahali pamoja huku bei zikitembea.

Si nchi maskini peke yake iliyonaswa na mtego wa namna hii, ingawa wengine walinaswa kwa upande wake wa pili. Uingereza, baada ya ripoti ya Kamati ya Plowden ya mwaka 1961, ilianza kupanga matumizi ya Serikali kwa wingi wa kazi: madarasa mangapi, vitanda vingapi, maili ngapi za barabara, kwa bei zisizobadilika. Kianzio kilikuwa huduma. Bei zilipopanda, fedha ziliongezwa zenyewe ili huduma ibaki ile ile. Utaratibu huo ulionekana mwema hadi mwaka 1975, mfumuko wa bei ulipovuka asilimia 20, na Hazina ya London ikatambua kwamba imeahidi vitu bila ya kujua vitagharimu kiasi gani. Mwaka 1976 ukawekwa ukomo wa fedha, na kuanzia mwaka 1982 mipango yote ikaandikwa kwa fedha za mwaka wenyewe. Tangu hapo mzigo wa bei ukahama: uliokuwa ukibebwa na Hazina sasa ulibebwa na hospitali na shule.

Hapo pana kiini cha mambo. Swali la kianzio, pamoja na tarakimu zake zote, ni swali la nani atakayebeba hasara pale bei zinapopanda na watu wanapoongezeka. Kianzio cha huduma huipa Hazina mzigo huo. Kianzio cha fedha humpa mwalimu, muuguzi, na mzazi anayeombwa mchango. Kila nchi hukata shauri kwa namna yake, na yawezekana kabisa kwamba nchi yenye mapato madogo haiwezi kuahidi kulinda kila huduma dhidi ya kila ongezeko la bei. Lakini shauri hilo lapasa likatwe waziwazi na wenye dhamana, na wananchi waambiwe. Halipasi kukatwa na safu ya kwanza ya karatasi.

Mishahara ina kasoro yake nyingine. Mtayarishaji wa makisio ya mishahara huanza na watumishi walio katika orodha ya malipo, kisha huongeza kupanda vyeo na vibali vya ajira mpya. Njia hiyo ni ya busara kwa kuwa mtumishi aliyepo lazima alipwe. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba fedha humfuata mwalimu alipo, wala hazimfuati mtoto alipo. Wilaya ambayo walimu hawapendi kwenda kukaa huanza na tarakimu ndogo, na mwakani huanza tena na tarakimu ndogo, ilhali wilaya yenye umeme na usafiri huanza na kubwa. Serikali ililitambua jambo hilo: kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 zililetwa kanuni za kugawa ruzuku kwa halmashauri kwa kutazama idadi ya watu, umaskini na mahitaji mengineyo. Mishahara, iliyo sehemu kubwa ya ruzuku hizo, iliendelea kuwafuata watumishi waliopo.

Orodha hiyo ya malipo nayo yaweza kuficha mambo. Uhakiki ulioanza mwaka 2016 uliwagundua watumishi hewa zaidi ya 10,000, na mwezi Aprili 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Kwa miaka yote ambayo majina hayo yalikuwamo, mishahara yao ilihesabiwa kuwa kianzio, yaani fedha ambazo haziulizwi. Mtu aliyeomba nyongeza ya boksi la chaki aliulizwa maswali mengi. Jina lisilo na mtu lilipita.

Upande wa mapato nao una kianzio chake, na katika ukanda huu wa dhahabu ndiko kinakodanganya zaidi. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini kwa miaka mingi, kwa mujibu wa mikataba ya uchimbaji, makampuni makubwa yalilipa kiasi kisichobadilika cha dola 200,000 kwa mwaka. Wakia moja ya dhahabu, iliyouzwa chini ya dola 300 mwaka 2000, ilikuwa imevuka dola 1,500 mwaka 2011, na katika vitabu vya halmashauri tarakimu ilibaki 200,000. Mgodi unaouza dhahabu ya dola milioni 300 kwa mwaka ungelipa dola 900,000 kwa ile asilimia 0.3. Katikati ya miaka ya 2010 ndipo malipo yalipoanza kufuata sheria, baada ya madai ya muda mrefu. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa kianzio kilichogeuka kuwa desturi, na desturi ikageuka kuwa kama haki ya mlipaji.

Baadaye likaja jambo la kinyume chake. Mgodi wa Buzwagi, ulio kilomita chache tu kutoka mjini Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kufikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Halmashauri iliyozoea kuandika ushuru wa mgodi katika safu ya kwanza ilipaswa kuufuta kabisa. Eneo lenyewe limepangiwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na viwanda vitakapokuja vitakuwa na ushuru wao. Lakini kiwanda kinachotarajiwa si kianzio. Bulyanhulu nao, baada ya usafirishaji wa makinikia kuzuiwa mwezi Machi 2017, ulipunguza shughuli zake mwaka huo huo, na uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea mwishoni mwa 2020. Atakayechukua mwaka 2018 kuwa kipimo cha mapato ya mgodi huo atapata picha ya mtu aliyepimwa uzito akiwa mgonjwa. Atakayechukua mwaka wa bei kubwa ya dhahabu atapata picha ya mtu aliyepimwa siku ya sikukuu. Wastani wa miaka kadhaa husaidia, ingawa nao haumfai mgodi uliofungwa.

Sheria pia hubadilika, na kianzio kisipobadilishwa pamoja nayo huwa deni la uongo kwa mkusanyaji. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mji unaoishi kwa mpunga, hilo si jambo dogo. Kodi ya majengo nayo iliondolewa mikononi mwa halmashauri ikapelekwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Ofisa mapato akipewa lengo linalotokana na makusanyo ya kabla ya mabadiliko hayo, atashindwa hata akifanya kazi usiku na mchana, na kushindwa kwake kutaandikwa kuwa uzembe. Kwa upande wa pili, masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa la mwanzo, yalileta hadharani dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyokuwa ikipita gizani. Mapato yalipanda. Mtu mmoja aweza kuitazama nyongeza hiyo akadhani ni juhudi ya mwaka mmoja; mwingine akaona kwamba kianzio cha miaka yote ya nyuma kilikuwa cha chini kuliko kweli.

Kenya imejaribu kukiweka kianzio ndani ya Katiba. Katiba yao ya mwaka 2010 inasema kwamba kaunti hazitapewa pungufu ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na mapato hayo yahesabiwe kutokana na hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Nia ilikuwa njema: kuwazuia wakubwa wa Nairobi wasichezee tarakimu. Lakini ukaguzi na uidhinishaji huchelewa, kwa hiyo asilimia 15 imekuwa ikipimwa kwa mapato ya miaka kadhaa nyuma, ambayo daima ni madogo kuliko ya leo. Mwaka 2020 Baraza la Seneti lilivutana kwa majuma mengi juu ya kanuni mpya ya mgao. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito mkubwa. Kaunti kame na kubwa kwa eneo zilikataa kupoteza zilichokwisha kukizoea. Suluhu ilipatikana kwa kukubaliana kwamba nusu ya mgao wa mwaka 2019/20 ifanywe kianzio, na kwamba kanuni isitumike kabla jumla ya fedha haijaongezwa kutoka shilingi za Kenya bilioni 316.5, ili asipatikane wa kupoteza. Maseneta walipatanishwa na fedha zaidi. Halmashauri nyingi hazina njia hiyo.

Wako wanaosema: basi vianzio vyote vifutwe, kila idara ianze na sifuri na ijieleze upya kila mwaka. Jimmy Carter alilijaribu jambo hilo alipokuwa gavana wa jimbo la Georgia, na alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1977 akaliamuru kwa serikali nzima. Karatasi zilirundikana, maofisa wakajifunza kuandika maelezo mazuri ya kutetea yale yale ya zamani, na mwaka 1981 utaratibu huo ukaachwa. Huko huko Marekani, sheria ya mwaka 1985 iliandika hasa jinsi ya kukokotoa kianzio, na tangu hapo wanasiasa wao wamepata mchezo mpya: fedha zikiongezwa kwa kiasi kidogo kuliko kianzio kilivyokisia, upande mmoja hupiga kelele kwamba zimekatwa, upande mwingine huapa kwamba zimeongezwa, na wote wawili huwa wamesema kweli.

Kwa mtumishi wa Kahama, jambo la manufaa ni dogo kuliko kufuta na ni gumu kuliko kulalamika. Ni kuitaka kila tarakimu ya safu ya kwanza ije na maelezo yake: imetoka mwaka gani, imehesabiwa na nani, ni iliyoidhinishwa au iliyofika, ilikuwa chini ya sheria ipi, na tangu hapo bei na watu wameongezeka kwa kiasi gani. Maelezo hayo yanaweza kuenea katika nusu ukurasa. Hakuna sheria inayomkataza Mwalimu Mkuu kuambatisha nusu ukurasa huo kwenye takwimu zake, wala Mtendaji wa Kata kuyasoma katika Kamati ya Maendeleo. Diwani akiyapata mwezi wa Desemba aweza kuuliza swali ambalo mwezi wa Juni litakuwa limekwisha kupitwa. Yumkini Hazina itasema kwamba fedha hazipo. Jibu hilo litakuwa la haki mara nyingi. Litatofautiana, hata hivyo, na jibu la sasa, ambalo hutolewa na karatasi kabla ya mtu yeyote kuulizwa.

Kazi hiyo ina ugumu wake, na haifai kuufunika. Takwimu huongezwa na watu wenye nia njema pia. Shule ikijua kwamba kila jina lina shilingi 6,000, mtoto aliyehama na wazazi wake kwenda machimboni Geita aweza kubaki katika rejista hadi mwisho wa mwaka, akihesabiwa huko alikotoka na huko alikokwenda. Wilaya yenye migodi ina watoto wengi wa namna hiyo. Mwalimu anayeliacha jina hilo huona kwamba anaisaidia shule yake, lakini ofisa wa mkoa akigundua majina 30 ya namna hiyo ataikata tarakimu nzima kwa kukisia, na shule jirani iliyoandika kweli itakatwa pamoja nayo. Imani ya Hazina kwa tarakimu za chini hujengwa polepole, na huvunjwa na rejista chache.

Sensa ijayo, kwa utaratibu wa kila baada ya miaka 10, inatazamiwa mwaka 2032. Hadi hapo, zile 453,654 za mwaka 2022 ndizo zitakazokuwa mwanzo wa makisio ya maji, ya dawa na ya madawati katika Manispaa ya Kahama, zikikuzwa kila mwaka kwa kiwango ambacho mtu fulani atakuwa amekichagua. Kufikia wakati huo zitakuwa na umri ule ule waliokuwa nao wale 242,208, walipokutwa wako 137,000 zaidi ya hesabu iliyopigwa kwa kasi ya taifa zima.